Mipaka Mitatu na Samaki wa Chumvi

Kwanza kabisa, msimlaumu Mskoti. Najua mmeshaanza, maana maneno ya Durban hufika Joburg kabla ya basi. Tangu nirudi nyumbani simu yangu haipumui: "Zuhura, mmejitenga au hamjajitenga?" Wa Joburg mnauliza, wa Cape Town mnauliza, kwa kuwa mlisema sisi tukitoka nanyi mtafuata. Nimechoka kumweleza mmoja mmoja. Naandika mara moja, kila mtu asome, na asiyeridhika aje soko la Warwick kwenye meza yangu ya vitenge tugombane ana kwa ana.

Mambo ya tiketi na viza naruka, hayana utamu. Ila kwa asiyejua ugomvi wenyewe, ni hivi. Hapa Durban tuna chama kimoja cha watu wa Kiswahili, Watanzania na Wakongo pamoja, na kazi yake kubwa ni misiba. Desturi yetu ni kwamba akifiwa Mtanzania, jiko linashikwa na Wakongo. Akifiwa Mkongo, jiko ni letu. Mfiwa na watu wa kwao hawagusi hata mwiko. Kazi yao ni kulia na kupokea pole.

Alipofariki mzee wetu Hamadi, Wakongo wakaja na masufuria yao. Tukafunua: fufu, sombe ambayo ni kisamvu chao, na samaki mkavu wa chumvi wanayemwita makayabu. Sufuria zima la makayabu! Nyama hata ya dawa hakuna. Chumvi yenyewe ilikuwa inatoa machozi ambayo hayamhusu marehemu. Shomari wetu wa bandarini, mtu asiyejua kunong'ona, akasema mbele ya wapishi, "Hii si rambirambi, hii ni bahari." Mama Bijou, ambaye ndiye mkuu wa jiko lao, akajibu kwamba pilau letu lilimkohoza mchungaji wao mpaka akaacha maombi njiani. Tangu siku hiyo kila mkutano ni vita, na wala si vita vya chumvi tena, ni vya "ninyi" na "sisi".

Mimi ni katibu wa chama, na kwa kuwa mnanijua sitawaficha: nilitaka uenyekiti. Mwenyekiti ni Papa Selestini, fundi simu kutoka Bukavu, na amekaa kwenye kiti hicho mpaka kimechukua umbo lake. Nikaandika katiba ya chama kipya, cha Watanzania peke yetu. Nikachonga na muhuri, wa mviringo, wenye twiga. Kura ilipangwa Jumapili ya kwanza baada ya mimi kurudi kutoka Dar, nilikokwenda kufuata vitenge.

Makambako hadi Tunduma: mbunge anayeamkia

Kutoka Dar hadi Makambako kiti cha pembeni yangu kilikuwa kitupu, nikakipa mikoba yangu. Makambako akapanda mzee wa Kizungu, mrefu, mwembamba, kofia ya sufu kichwani, kopo la bati kwapani na mfuko wa maparachichi mkononi. Akasimama mbele yangu akasema:

"Shikamoo, mama. Je, kiti hiki kina mwenyewe?"

Jamani! Mzee wa miaka sabini na ushee ananiamkia mimi, ambaye hata wajukuu sina! Abiria wa nyuma wakaangua kicheko. Nikamwambia, "Baba, unanizeesha. Mimi ndiye wa kukuamkia." Akashangaa kweli. Akaniambia alipokuwa kijana alifundisha shule moja ya huko Njombe, na watoto wote walimwamkia yeye, kwa hiyo hakuna aliyewahi kumfundisha yeye amwamkie nani. Miaka yote ameiweka ile shikamoo kama akiba, na ameanza kuigawa kwa kila mtu tangu atue. Alimwamkia hata konda.

Jina lake Murdo. Alikuwa amekwenda kuiona shule yake, na yale maparachichi alipewa na mwanafunzi wake wa zamani ambaye sasa ni babu. Alikuwa anakwenda Durban kwa binti yake anayeishi Berea, na daktari wa masikio alikuwa amemkataza ndege. Nikamuuliza kazi yake.

"Nilikuwa mbunge."

"Wa chama gani?"

"Inategemea mwaka," akasema.

Nikageuka vizuri nimsikilize. Anatoka visiwa vya huko Uskoti, mahali penye upepo mwingi, kondoo wengi na watu wachache. Uskoti na Uingereza ziko chini ya serikali moja, yeye na wenzake wanataka Uskoti ijitawale peke yake. Alipoanza, mkutano wake wa kwanza ulihudhuriwa na watu saba, na mmoja wao alikuwa amekuja kufunga ukumbi. Alishindwa uchaguzi mara tatu. Mara ya nne akashinda kwa kura ambazo, kwa maneno yake, zisingejaza basi letu.

Sasa nifikirieni mimi hapo, katiba mpya kwenye mkoba, muhuri wa twiga kwenye soksi. Mungu ameniletea mtu aliyekula chumvi nyingi katika kazi hiyo hiyo ya kujitenga, akamkalisha pembeni yangu, tena anajua Kiswahili. Kabla hatujafika Tunduma nilikuwa nimeshamwalika kwenye mkutano wetu. Nilimweleza habari zote, kwa upande wetu bila shaka. Alisikiliza kwa makini sana, akauliza jambo moja tu.

"Na hao Wakongo, walisemaje?"

Nikamwambia Wakongo husema sana, ndiyo shida yao.

Tunduma tulipanga foleni saa nne nzima juani. Mzee akaanza kunung'unika: foleni ndefu, mihuri mingi, dirisha moja wazi na manne yamefungwa. Nikamwambia, "Mzee Murdo, wewe umetafuta mpaka maisha yako yote. Huu hapa. Furahi."

Akafuta jasho, akasema, "Wa kwetu ungekuwa na madirisha mengi."

Nakonde hadi Chirundu: uji wa chumvi

Upande wa Zambia basi likatembea vizuri mpaka karibu na Mpika, likakohoa, likasimama. Dereva akatuambia kifaa kinatoka Lusaka. Tukashuka, tukakaa kivulini pembeni ya kibanda cha mama mmoja aliyekuwa anauza nshima na kapenta. Nshima ni ugali wetu tu uliobadili jina baada ya kuvuka mpaka, na kapenta ni dagaa. Nilikula sahani mbili.

Mzee Murdo yeye akamwomba yule mama maji ya moto, akafungua lile kopo lake. Ndani mna shayiri. Akakoroga uji. Nikamwonea huruma, nikamsogezea sukari yangu. Akaikataa kwa heshima zote, akatoa kikaratasi mfukoni, akatia chumvi.

Chumvi, jamani, kwenye uji! Yule mama wa Kizambia aliweka mwiko chini. Nikamuuliza kama ni adhabu ya chama. Akacheka, akasema kwao ndivyo unavyoliwa, na mtu mzima anayetia sukari anatazamwa kwa wasiwasi. Akanionjesha. Nikameza kwa ajili ya heshima yake na si kwa sababu nyingine.

Tulikaa pale tangu asubuhi mpaka alasiri, naye akanisimulia jinsi alivyogombana na chama chake. Hakuwa hata amemaliza mwaka bungeni. Wenzake wakakubaliana kuunga mkono kufungwa kwa shule ndogo za visiwani. Yeye akapiga kura ya hapana, peke yake. Kiongozi akamwita: "Umepiga kura pamoja na wapinzani wetu." Akajibu, "Nimepiga kura pamoja na watoto kumi na mmoja wa kisiwani kwangu." Wakamhamishia ofisi pembeni ya stoo ya mafagio. Anasema ilikuwa na joto kuliko zote, hakuomba kuhamishwa.

Baadaye wakagombana juu ya wavuvi, wakamfukuza. Akasimama peke yake bila chama, mkewe akampakia rangi gari kuukuu lenye kipaza sauti, na watu wa visiwani wakamrudisha bungeni kwa kura nyingi kuliko alizopata akiwa na chama. Chama kikambembeleza arudi. Akarudi, na mkutano wa kwanza tu akapinga ajenda.

"Umetoka mara ngapi kwa jumla?" nikamuuliza.

"Nimefukuzwa mara mbili, nimetoka mwenyewe mara moja. Kurudi sijahesabu."

Nilimpenda mzee huyu, siwafichi. Ila nilipaswa kushtuka pale pale. Mtu asiyewasikiliza waliompa kiti atanisikiliza mimi niliyempa nusu ya kiti? Lakini mwenye haja haoni. Mimi nilisikia neno "kujitenga" nikaacha kusikia mengine.

Kutoka Mpika tulikuwa na mhubiri mmoja aliyepanda na Biblia na kuku wa kukaanga. Tulipokuwa foleni Chirundu, mpaka wa pili, akamuuliza Mzee Murdo ametoka nchi gani, akaambiwa, akauliza kama ina uhuru, akaambiwa bado. Mhubiri akavua kofia, akaita watu wote wa foleni, akaiombea Uskoti ikombolewe kutoka utumwani kama wana wa Israeli. Watu wakaitikia amina kwa sauti kubwa, na maofisa wawili dirishani wakaitikia pia. Mzee alikuwa ameniambia hana dini. Aliinamisha kichwa mpaka mwisho, masikio yamemwiva. Kisha akaniambia miaka yake yote ya kampeni hajawahi kupata umati ulioungana namna ile.

Harare hadi Beitbridge: maparachichi

Harare tulibadilisha basi, tukala sadza, ambayo ni nshima iliyovuka mpaka mwingine. Beitbridge, mpaka wa tatu, wa kuingia Afrika Kusini, sitaki hata kuikumbuka, lakini ndiko neno lenyewe lilikotokea, kwa hiyo vumilieni.

Foleni ilianzia kwenye daraja. Jua la Limpopo halina adabu. Tulipofika kwa ofisa wa mazao, mwanamke wa makamo mwenye sura ya Jumatatu, akafungua mfuko wa Mzee Murdo. Maparachichi yalikuwa yameiva sasa, na mengine mawili yalikuwa yameanza kujisikia vibaya. Akasema matunda hayaingii. Mzee akamwuliza kwa upole sheria inasema hayaingii nchini, au hayaingii kwenye mfuko? Ofisa akasema nchini. "Na yakiwa tumboni?" Ofisa akamtazama sana, akasema tumboni si kazi yake.

Basi mbunge akatoka pembeni, akatoa kisu kidogo, akaanza kugawa maparachichi kwa foleni nzima, kila kipande na chumvi yake kutoka kile kikaratasi. Watu walikula. Madereva wa malori walikula. Mwisho yule ofisa naye akapokea kipande, akala amegeuka ukutani. Na niwaambie ukweli, parachichi kwa chumvi ni tamu. Sikumwambia.

Tulipokaa kusubiri basi lipekuliwe, nikamuuliza jambo nililokuwa naliogopa. "Hiyo nchi yenu, mlipata?"

Akasema siku moja Waskoti waliulizwa, wakapiga kura, na wengi wakasema hapana. Maisha yake yote, mkutano wa watu saba, gari la kipaza sauti, mafagio, na jibu likawa hapana. Alilia ndani ya gari, peke yake. Asubuhi akafungua mlango akakuta maziwa. Jirani yake, mama mmoja anaitwa Ishbel, alikuwa amefanya kampeni upande wa pili, alibandika karatasi ya hapana dirishani kwake, inatazama jikoni kwa Murdo. Na bado asubuhi ile alikamua ng'ombe akaweka maziwa mlangoni, kama siku zote.

"Nikanywa," akasema. "Ndipo nikakumbuka kwamba nilibisha milango yote ya kisiwa isipokuwa wake. Niliona karatasi yake, nikasema huyu najua atakachosema. Mpaka leo sijui alikuwa anaogopa nini. Ishbel ameshafariki."

Nilimpa pole, na pole ilitoka moyoni. Halafu akageuka.

"Mama Katibu, yule aliyepika samaki, mlimuuliza kwa nini alipika samaki?"

Nikasema kuuliza nini, samaki si tulimwona wenyewe? Akasema sawa. Tukapanda basi.

Joburg hadi Durban: nafundisha hotuba

Joburg hatukulala. Basi la Durban lilijaa watu wa hapa hapa, na mkono wa pili wa njia alikaa bibi mmoja wa Kizulu aliyempa Mzee Murdo andazi na kumuuliza mfalme wao anaitwa nani. Akaeleza. Bibi akatikisa kichwa. "Eish, unashiriki mfalme na watu wengine? Sisi tuna wetu." Mzee akang'ata andazi lake, na nilifurahi kuona kuna mtu aliyemweza.

Njia nzima ya milima mimi nilikuwa namfundisha hotuba. Aseme kila jamii ina haki ya kujitawala. Aseme mtu asiogope. Aseme mwisho, "Hongereni." Yeye aliitikia kwa kichwa kila mara, nami nikadhani ni kukubali. Sasa najua ni adabu tu.

Tulishuka Durban Jumamosi, joto lile lenye unyevu likanipiga usoni nikajua nimefika nyumbani. Binti yake alikuwa anamsubiri. Mzee akamwambia, "Katrina, huyu ni Mama Katibu, kesho nina mkutano." Yule binti akafumba macho kidogo, akaniuliza kwa Kiingereza, "Chama gani tena?"

Berea: ukumbini

Jumapili saa nane ukumbi ulijaa. Sisi kushoto, wao kulia, njia katikati, yaani mpaka wa nne. Papa Selestini akafungua mkutano. Alijua nimeleta nani, Durban haina siri, na nilimwona ana huzuni.

"Mama Zuhura, karibu. Route ilikuwa namna gani? Tuko na mugeni leo, mutu mukubwa wa politique. Donc tumusikilize. Na kama munataka kwenda, franchement, kwa kweli, hatutafunga mulango. Lakini mimi nitasikia vibaya, iko hivyo tu."

Shomari akaninong'oneza, na kunong'ona kwa Shomari husikika ukumbi mzima: "Ameshakubali huyo. Andaa muhuri."

Mzee Murdo akasimama. Akawaamkia wote shikamoo, mpaka watoto.

"Mimi ni mtu wa kujitenga," akasema. "Nimekuwa hivyo tangu wengi wenu hamjazaliwa, na nitazikwa hivyo."

Upande wetu ukapiga makofi. Mimi nilipiga nikiwa nimesimama.

"Lakini hapa mimi ni mgeni. Habari za chama chenu nimezisikia kwa mtu mmoja tu, kwa siku nne, naye ni mzungumzaji hodari mno." Upande wa Wakongo ukacheka, na wa kwetu pia, wasaliti. "Kila aliyewahi kuniambia niunge mkono jambo kabla sijasikia upande wa pili, nilimkatalia. Nilikikatalia hata chama changu, na kilikuwa kinanipa ofisi. Mama Katibu amenipa kiti cha dirishani na ugali wa nchi tatu, namshukuru. Ila siwezi kuanza utii leo, kwa umri huu. Amueni wenyewe."

Akakaa. Hongereni hakusema.

Nilikuwa nimejipalia makaa mwenyewe, nikayabeba kutoka Makambako. Hasira zilinipanda nikasimama, nikasema mgeni amechoka na safari, na tupige kura. Wanaotaka kutoka wanyooshe mikono. Shomari wa kwanza, mkono juu kabisa. Nikaanza kuhesabu mikono upande wetu, na naapa ilikuwa inatosha, ilikuwa inatosha kabisa, simu ya Shomari ikalia.

Akaitazama kwa mkono mmoja, mwingine bado uko juu. Akasikiliza. Mkono ukashuka taratibu. Akasema, "Baba." Kisha akasema, "Tanga. Sasa hivi." Akakaa chini sakafuni, mwanamume mzima anayebeba minyororo ya makontena.

Tulimzunguka. Nilipoinua kichwa, upande wa kulia viti vilikuwa vitupu. Wanawake wa Kikongo walikuwa wameshasimama wote, mabegi begani, wanatoka mlangoni na Mama Bijou mbele. Hakuna aliyewaambia kitu. Papa Selestini akakunja karatasi zake.

"Vote, ile kura, tutafanya kisha," akasema. "Sasa iko kazi."

Kwa Shomari: jikoni

Shomari anakaa ghorofa ya pili, barabara ya chini kidogo ya ukumbi. Nilipofika, sebule imejaa watu wetu, wamekaa mikekani, du'a ya marehemu baba yake inasomwa, na jikoni kunasikika visu. Mzee Murdo alikuwa ameleta mzozo mdogo: si Mtanzania, si Mkongo, jiko linamhusu au halimhusu? Mama Bijou alimaliza kesi hiyo kwa kumpa kisu na gunia la vitunguu. Katrina alipokuja kumfuata alimkuta analia kwa vitunguu, amevaa aproni ya maua, akasema hajawahi kumwona babake amekubaliana na kamati yoyote kwa muda mrefu hivyo.

Mimi nilikaa mkekani nikashindwa kutulia. Nikaenda nikasimama kwenye mlango wa jiko. Ndani siruhusiwi, mnajua. Mama Bijou alikuwa amenipa mgongo, amesimama kwenye karai la maji. Ndani ya karai nikamwona nani? Makayabu. Yule yule.

Mdomo wangu ukafunguka kusema la zamani. Nikamwona Mzee Murdo amesimamisha kisu, ananitazama kwa macho mekundu.

"Mama Bijou," nikasema. "Kwa nini samaki?"

Akageuka. Alidhani ni shari, akajifuta mikono kwanza.

"Kwa nini, namna gani?"

"Siku ya Mzee Hamadi. Na leo. Kwa nini samaki na si nyama? Nauliza tu. Sijui."

Akanitazama muda, kuona kama nina utani. "Mama Zuhura, ninyi muko na mambo ya kuchinja. Nyama lazima ichinjwe na mutu wenu, na jina la Mungu. Sisi hatukujua butchery gani iko sawa, gani haiko sawa. Siku ya msiba utauliza nani? Mufiwa? Tukasema, tukikosea nyama tutatia batu mu dhambi siku ya huzuni yao. Samaki haichinjwe. Samaki iko ya batu bote." Akaonyesha karai. "Chumvi tulisikia. Shomari alisema. Leo tumemuloweka, tumebadilisha maji mara tatu. Franchement, sasa haiko na ladha tena, lakini basi."

Nilisimama pale na sikuwa na pa kuweka mikono. Miezi yote ile tumewasema, tumewachekea, nimeandika katiba, nimechonga twiga, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuuliza. Waliingia gharama ya matusi kwa kutulinda sisi na haramu. Kuuliza si ujinga, tunawaambia watoto kila siku. Nilimwambia Mama Bijou naomba radhi. Akasema, "Pardon iko, lakini toka mulangoni, unazuia moshi."

Chakula kikaletwa. Shomari alikuwa hajala tangu simu. Alifunuliwa sahani: fufu, sombe, samaki. Watu wote sebuleni tulijua tunachokitazama. Akamega, akala kimya, akamega tena. Machozi yanamtoka, na safari hii chumvi haikuhusika. Alipomaliza akainua sahani kuelekea jikoni, akasema kwa sauti yake ile isiyojua kunong'ona, "Mama Bijou, ongeza."

Mnaosubiri jibu kule Joburg na Cape Town, jibu ni hili. Muhuri uko kwenye droo, twiga wake hajagusa wino. Tarehe ya mkutano mwingine hakuna aliyeniuliza. Mzee Murdo yuko Berea kwa binti yake, Alhamisi huja mezani kwangu Warwick kubishana, na ameshagombana na wauza dawa za mizizi juu ya jambo lisilomhusu. Nami juzi nilifungua daftari la chama, nikaandika kumbukumbu kama inavyonipasa: mkutano ulifunguliwa saa nane, mgeni alizungumza, kura haikukamilika, wajumbe wamekwenda kupika. Nikatia sahihi yangu palepale pa siku zote, penye neno katibu.